Namna ya kutathmini usalama wa kiambato au kichafuzi katika chakula

Julai 2023 matangazo mawili kuhusu aspatamu, ile sukari bandia ya soda za mlo, yalitolewa kwa pamoja. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliiweka kwenye kundi 2B: huenda ikasababisha saratani. JECFA, kamati ya wataalamu wa WHO na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo), ikasema mtu anaweza kuendelea kula hadi miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, maisha yake yote. Wengi waliona taasisi zinapingana. Hazikupingana, kwa sababu zilijibu maswali mawili tofauti. Moja iliuliza kama kitu hiki kinaweza kudhuru. Nyingine iliuliza kama kinadhuru kwa kiasi ambacho watu wanakula. Ukiyachanganya maswali hayo mwanzoni, hutatoka salama mwishoni.

Utaratibu wenyewe una hatua nne: kutambua hatari, kupima nguvu yake, kukadiria kiasi kinacholiwa, kisha kulinganisha. Kwenye vitabu hatua hizo hupewa uzito sawa. Kwa vitendo, tathmini nyingi huharibika kwenye hatua ya tatu au kwenye vipimo vya uzito, pale mikrogramu inapogeuka miligramu bila mtu kugundua. Kila nambari unayoandika iambatane na kizio chake kamili: ya nini, kwa kilo ya nini, kwa muda gani. "Miligramu 5 kwa kilo" haitoshi. Kilo ya chakula, au kilo ya mwili wa mlaji?

Kwanza, jua unatathmini nini

Jina la kitu halitoshi. Dondoo ya mmea iliyotolewa kwa maji na iliyotolewa kwa ethanoli ni vitu viwili tofauti hata kama vimebeba jina moja, kwa sababu kila kiyeyusho hutoa kemikali zake. Omba maelezo kamili: usafi kwa asilimia, mabaki ya viyeyusho, madini mazito yaliyomo, ukubwa wa chembe, na njia ya utengenezaji. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, bidhaa waliyolishwa wanyama kwenye utafiti ndiyo hiyo hiyo inayouzwa? Kama inayouzwa ni safi zaidi, utafiti bado unakufaa. Kama ni chafu zaidi, hujui lolote kuhusu huo uchafu.

Ukubwa wa chembe umewahi kuwagawa wataalamu. Titani dioksidi, rangi nyeupe ya E171, ina sehemu ya chembe ndogo sana. Mwaka 2021 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ilisema haiwezi tena kuiona kuwa salama kwa sababu haikuweza kuondoa shaka ya kuharibu vinasaba. Mwaka 2023 JECFA ilipitia ushahidi na kubaki na msimamo wake wa awali kwamba haihitaji kikomo cha nambari. Sehemu ya ubishi ilikuwa hiyo hiyo: je, chembe zilizojaribiwa maabara zinafanana na zilizo kwenye chakula?

Kwa kichafuzi, jua umbo lake la kemikali. Samaki wana arseniki nyingi, lakini sehemu kubwa ni arsenobetaini, ambayo hupita mwilini bila madhara yanayojulikana. Arseniki isiyo ya kikaboni ndiyo inayosababisha saratani. Ripoti ya maabara yenye "arseniki jumla" ya samaki haikusaidii kitu, irudishe. Zebaki nayo iko hivyo: zebaki isiyo ya kikaboni na methilizebaki kila moja ina kikomo chake.

Ushahidi wa madhara

Anza na vinasaba, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua njia yote iliyobaki. Jaribio la kwanza ni la Ames: aina zisizopungua tano za bakteria hukuzwa pamoja na kemikali, kisha unahesabu makundi yaliyobadilika. Hufanywa mara mbili, bila dondoo ya ini la panya na pamoja nayo. Usikubali ripoti yenye nusu moja. Kuna kemikali ambazo ni pole hadi ini lizibadilishe, na sumukuvu ya aflatoksini B1 ni mfano mzuri: ini lenyewe ndilo linaloigeuza kuwa umbo linalong'ang'ania vinasaba. Ames haioni kuvunjika kwa kromosomu, kwa hiyo huongezwa jaribio la vijikiini (vipande vya kromosomu vilivyobaki nje ya kiini) katika seli za mamalia. Majibu yakiwa na shaka, hufuata jaribio ndani ya mnyama mzima.

Baada ya hapo huja ulishaji wa siku 90. Mwongozo namba 408 wa OECD, shirika la nchi zinazokubaliana taratibu za majaribio ya kemikali, unataka angalau panya 10 dume na 10 jike kwa kila kundi, viwango vitatu au zaidi vya dozi, na kundi la ulinganisho lisilopewa kitu. Utafiti wa saratani hutumia angalau 50 wa kila jinsia kwa kila kundi, na kwa panya huchukua takriban miaka miwili. Kuna pia tafiti za uzazi na ukuaji wa kijusi, ambazo usiziache kwa kitu kitakacholiwa na wajawazito, yaani karibu kila kitu.

Kusoma tafiti hizi kunahitaji jicho la mashaka, maana si kila badiliko ni sumu. Panya wa kundi la juu wakipungua uzito, tazama kwanza jedwali la chakula walichokula: huenda kiambato kina ladha mbaya tu na wamekisusa. Vitamu vya jamii ya sorbitoli huvimbisha utumbo wa panya kwa sababu bakteria wa tumboni huvichachusha, si kwa sababu ya sumu. Panya dume wana protini moja kwenye figo, alfa-2u-globulini, ambayo ikishikana na kemikali fulani kama limonene huleta uvimbe wa figo. Binadamu hana njia hiyo. Sakarini nayo ilibeba lawama kwa miaka mingi kutokana na saratani ya kibofu cha panya dume, hadi ilipobainika kwamba dozi kubwa hutengeneza mashapo kwenye mkojo wa panya na kukwaruza kibofu. Mwaka 2000 Marekani iliiondoa kwenye orodha yake ya visababishi vya saratani.

Lakini usigeuze hoja hii kuwa mlango wa kutorokea. "Haimhusu binadamu" ni dai linalohitaji ushahidi wa utaratibu wenyewe, hatua kwa hatua. Bila huo, chukulia kwamba linamhusu.

Kutoka kwa panya hadi nambari

Tuseme una kihifadhi kipya. Panya walilishwa miaka miwili kwa chakula chenye miligramu 0, 400, 2,000 na 10,000 za kihifadhi kwa kila kilo ya chakula. Hiyo si dozi bado. Panya mzima kwenye utafiti mrefu hula kwa siku takriban asilimia 5 ya uzito wake, kwa hiyo zidisha kwa 0.05: unapata 0, 20, 100 na 500 kwa kilo ya mwili kwa siku. Kama utafiti ungekuwa wa siku 90, kizidishi cha kawaida ni 0.09, kwa kuwa panya wachanga hula zaidi kulingana na uzito wao. Ukikosea kizidishi, umekosea kikomo karibu mara mbili. Afadhali zaidi, tumia chakula kilichopimwa kweli kila wiki, ukitoa kilichomwagika chini ya vizimba.

Kundi la 500 lilipata madhara ya ini. La 100 halikupata. Basi 100 ndicho kiwango cha juu kisicho na madhara yaliyoonekana, ambacho kwenye ripoti utakiona kama NOAEL. Kina udhaifu mmoja mkubwa: lazima kiwe mojawapo ya dozi ulizochagua. Kibaya zaidi, utafiti wenye wanyama wachache hushindwa kuona madhara madogo, na hivyo hupata NOAEL ya juu. Aliyefanya kazi hovyo anatuzwa. Ndiyo maana siku hizi hupendelewa kuchora mkunjo kupitia data zote na kutafuta dozi inayoleta ongezeko dogo lililokubaliwa, kwa mfano asilimia 10, kisha kuchukua ukingo wa chini wa makadirio hayo: BMDL. Hapa data hafifu hupanua ukingo na kushusha nambari. Mzigo unabaki kwa mwenye kuleta data.

Kisha gawanya. Desturi ya kugawa kwa 100 ilipendekezwa na Lehman na Fitzhugh wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 1954: mara 10 kwa tofauti kati ya mnyama na binadamu, mara 10 kwa tofauti kati ya binadamu na binadamu. Baadaye kila 10 ilipasuliwa. Ya kwanza ni 4 kwa jinsi mwili unavyobeba kemikali mara 2.5 kwa jinsi kiungo kinavyoathirika. Ya pili ni 3.16 mara 3.16. Faida yake ni kwamba ukiwa na data ya kweli kuhusu kipande kimoja unakibadilisha hicho tu. Mfano wetu unatoa 100 ÷ 100 = miligramu 1 kwa kilo ya mwili kwa siku. Hicho ndicho kiasi cha kila siku kinachokubalika, ADI. Kwa aspatamu, wanyama walifika 4,000 bila madhara; ndiyo asili ya 40.

Ukiwa na siku 90 pekee bila utafiti wa maisha, ongeza kigawanyo cha 2. Kama hata dozi ya chini kabisa ilileta madhara, ongeza kati ya 3 na 10 kulingana na ukubwa wa madhara. Lakini usirundike vigawanyo bila kikomo. Ukishajikuta unagawa kwa maelfu, data zako zinakuambia hazitoshi, na jibu la kweli ni kuomba utafiti mwingine.

Chagua pia muda unaofaa. Kadimi, metali nzito, hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30, kwa hiyo mlo wa siku moja hauna maana kubwa. Mwaka 2010 JECFA iliweka kikomo chake kwa mwezi, mikrogramu 25 kwa kilo. Kinyume chake ni kitu kinachoumiza ndani ya saa chache, ambacho huhitaji kikomo cha mlo mmoja. Kukipima kwa wastani wa mwaka ni kukificha.

Watu wanakula kiasi gani

Hesabu ni nyepesi: kiasi kilichomo kwenye chakula mara chakula kilicholiwa, gawanya kwa uzito wa mlaji. Taabu iko kwenye data.

Rudi kwenye kihifadhi. Sheria inaruhusu miligramu 150 kwa lita ya kinywaji. Mtoto wa kilo 12 anakunywa mililita 250: amepata miligramu 37.5, yaani 3.1 kwa kilo, mara tatu ya ADI. Mtu mzima wa kilo 60 akinywa kikombe kile kile anapata 0.63. Aliyetathmini kwa mtu mzima tu angesema hakuna tatizo. Sasa boresha: ukipima vinywaji halisi unakuta wastani wa 40 kwa lita. Mtoto sasa anapata 0.83, chini ya 1. Usishangilie bado. Hujahesabu mkate, sosi na jamu zenye kihifadhi hicho hicho.

Ndivyo kazi inavyokwenda: anza na makadirio makali na ya haraka, ukipita unaishia hapo, usipopita unanoa data. Kosa la kawaida ni kugawanya ulaji kwa watu wote badala ya walaji. Chakula kinacholiwa na mtu mmoja kati ya kumi kitaonekana kidogo mara kumi kuliko anavyokila yeye. Hesabu walaji peke yao, na uwatazame asilimia 5 wanaokula zaidi. Kosa jingine ni kuchanganya kikavu na kilichotengenezwa: kipimo cha maabara ni cha unga, ulaji ulioandikwa ni wa uji.

Sampuli ndizo zinazodanganya zaidi. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje moja katika maelfu inaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ukichota kikombe kimoja, mara nyingi utapata sifuri, na mara chache utapata nambari ya kutisha, na zote mbili si kweli. Kwa karanga zilizobanguliwa zinazokwenda kusindikwa, Codex, mfumo wa viwango vya chakula wa FAO na WHO, inataka sampuli ya kilo 20 kutoka kwenye shehena, ipimwe dhidi ya kikomo cha mikrogramu 15 kwa kilo. Sampuli yote isagwe kabla ya kuchota kiasi cha mashine. Mashine ya bei mbaya haiwezi kuokoa sampuli mbovu.

Halafu kuna "haikuonekana". Tuseme sampuli 100, kifaa hakioni chini ya mikrogramu 5 kwa kilo, 80 hazikuonekana na 20 zina wastani wa 10. Ukiweka sifuri kwenye zile 80, wastani ni 2. Ukiweka 5, wastani ni 6. Tofauti ya mara tatu imetoka kwenye penseli yako, si kwenye chakula. Zikiwa hadi asilimia 60 hazikuonekana, desturi ya WHO ni kutumia nusu ya kikomo cha kifaa. Zikizidi hapo, toa majibu yote mawili, la chini na la juu. Kama uamuzi unategemea lipi limechaguliwa, tafuta maabara yenye kifaa kinachoona chini zaidi.

Na kumbuka kwamba maabara huona inachotafuta tu. Mwaka 2008 nchini China maziwa ya watoto yaliyotiwa melamini yalipita kipimo cha protini, kwa sababu kipimo hicho huhesabu nitrojeni, na melamini ni nitrojeni theluthi mbili kwa uzito.

Kulinganisha

Kwa kiambato chenye ADI, linganisha moja kwa moja. Kuzidi kidogo siku moja moja si ugonjwa, kwa kuwa nambari imewekwa kwa maisha yote. Kuzidi kila siku kwa kundi zima la watoto ni tatizo la kushughulikiwa.

Kitu kinachoharibu vinasaba na kuleta saratani hakipewi ADI, kwa sababu hakuna dozi inayoweza kutangazwa salama kabisa. Hapo unagawanya BMDL kwa ulaji na kutazama pengo. Kwa aflatoksini B1, EFSA mwaka 2020 ilitumia mikrogramu 0.4 kwa kilo kwa siku, yaani nanogramu 400. Watu wakila nanogramu 2, pengo ni 200. EFSA hulitaja pengo la 10,000 au zaidi kuwa la wasiwasi mdogo. Liko mbali sana.

Pengo hukwambia nini kishughulikiwe kwanza, lakini halisemi wangapi wataugua. Kwa aflatoksini hata hilo linawezekana. Mwaka 1997 JECFA ilikadiria kwamba kila nanogramu 1 kwa kilo kwa siku huleta saratani za ini 0.3 kwa watu 100,000 kwa mwaka miongoni mwa wenye virusi vya homa ya ini B, na 0.01 kwa wasio navyo. Chukua jamii yenye asilimia 10 ya wenye virusi: (0.1 × 0.3) + (0.9 × 0.01) = 0.039. Kwa nanogramu 2 ni 0.078. Shusha wenye virusi hadi asilimia 2, chakula kikiwa kile kile, na unapata 0.032. Chanjo ya homa ya ini imepunguza madhara ya sumukuvu kwa zaidi ya nusu bila kugusa ghala.

Madini ya risasi ni kesi ya peke yake. JECFA ilikuwa na kikomo cha mikrogramu 25 kwa kilo kwa wiki. Mwaka 2010 ilikifuta, baada ya kuona kwamba kiasi hicho huendana na kupungua kwa alama zisizopungua 3 za akili kwa watoto, na hakukuwa na dozi iliyoonyesha kukosa madhara. Usiiweke nambari nyingine mahali pake. Pima ulaji, tafuta unakotoka, upunguze.

Kwa kemikali iliyomo kwa kiasi kidogo sana na isiyo na tafiti, kuna vizingiti vinavyotokana na umbo la molekuli: mikrogramu 30 kwa kilo kwa siku kwa umbo pole, 1.5 kwa umbo lenye mashaka, 0.0025 likiwa na dalili ya kuharibu vinasaba. Ni chujio la haraka, si kibali. Halitumiki kwa metali, protini, kemikali zinazorundikana mwilini, wala misombo mikali ya jamii ya aflatoksini na nitrosamini.

Jambo la mwisho linalokosewa ni kuchukua kikomo cha kisheria kwenye chakula kama mstari kati ya afya na ugonjwa. Mikrogramu 15 za karanga zilipangwa kwa kutazama pia kile ambacho mkulima na msindikaji makini wanaweza kufikia. Shehena yenye 14 haikuwa takatifu, na yenye 16 haikugeuka sumu usiku mmoja.

Andika usichokuwa nacho

Ukurasa wa mashaka hauwekwi kwa ustaarabu. Orodhesha kila pengo, sema linasukuma jibu upande gani, na kwa kiasi gani: "hakuna data ya watoto chini ya mwaka mmoja, ulaji wao huenda ni mkubwa kuliko tuliokadiria." Taja utafiti mmoja ambao ungebadilisha hitimisho lako ukipatikana. Kisha andika tarehe ya mwisho uliyotafuta machapisho. Kikomo cha EFSA cha bisfenoli A, kemikali ya plastiki, kilikuwa mikrogramu 4 kwa kilo kwa siku mwaka 2015. Mwaka 2023 kikawa nanogramu 0.2, pungufu mara 20,000, baada ya tafiti mpya za kinga ya mwili. Asiyeona tarehe kwenye ripoti yako hataweza kujua ameshika kipi kati ya hivyo viwili.